Chembe za Njano katika Usaha wa Mwalimu Birindwa

Siku ya kuniaga, vijana wa labo, maabara ya hospitali yetu, walinipa liputa mbili za kitenge na daftari nene la mistari. Liputa nimekwisha kuzishonesha. Daftari ndilo hili. Walisema, "Maman Labo, utuandikie mambo ya zamani." Najua wanachotafuta: wanataka kusikia jinsi tulivyofanya kazi wakati wa vita bila umeme, halafu waendelee kunung'unika kuhusu umeme. Nitaandika hivyo hivyo. Ila habari ya nani alipandishwa cheo na nani alirukwa mtaitafuta kwa wengine. Wako wengi wanaoikumbuka kuliko mimi.

Naitwa Nsimire. Nimepima damu, mkojo, makohozi na choo cha watu wa Bukavu tangu nilipotoka shuleni mpaka magoti yangu yalipokataa ngazi za hospitali yetu, ambayo ilijengwa mlimani kana kwamba wagonjwa ni mbuzi.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Papa Leopoldi, mkuu wa labo, mzee mfupi mwenye koti jeupe lililokuwa na madoa ya zambarau mfukoni. Nilikuja na diploma yangu ndani ya bahasha. Hakuifungua. Alinisogezea ndoo ya vioo vilivyotumika, akaniambia nivioshe. Nilivisugua kwa majivu na sabuni majuma matatu. Siku moja akachukua kioo kimoja nilichokikausha mwenyewe, akakiweka chini ya mikroskopu, akasema, "Angalia." Nikaona vijidudu vya mgonjwa wa juzi vimelala pale pale.

"Umeona?" akasema. "Huyu mama anayengojea nje ungemupa ugonjwa wa jirani yake."

Papa Leopoldi hakuamini kitu. Hakuamini maji ya bomba, hakuamini majina yaliyoandikwa kwenye chupa, hakuamini rangi aliyoichanganya yeye mwenyewe juma lililopita. Kila asubuhi alinusa chupa moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta maziwa yaliyoganda. Mimi pia hakuniamini kwa mwaka mzima, na sikumlaumu. Jambo alilolirudia zaidi ni hili: kabla kitu hakijafika kwenye lenzi, kiangalie kwa macho yako. Kigeuze, kinuse, kiinue mbele ya dirisha. Macho, alisema, ndiyo mikroskopu ya kwanza, na hayaharibiki kwa kukosa balbu.

Vita ya kwanza ilimkuta amekwisha kustaafu. Alikimbia na familia yake kuelekea Walungu, na hatukumwona tena. Nikabaki mimi na koti lake, kwa maana hakuna aliyelidai.

Vita ya pili iliponikuta, mimi ndiye niliyekuwa nikinusa chupa. Umeme ulikuja pale ulipotaka. Mikroskopu yetu ilikuwa na kioo cha kupokea jua chini yake, basi tulifanya kazi tangu saa tatu mpaka saa tisa, na siku za mvua tuliwaambia wagonjwa wangoje mawingu yapite. Rangi na kemikali zililetwa kwa mikono kutoka ng'ambo ya mpaka, ndani ya chupa ambazo nyingine zilinuka soda.

Lakini shida kubwa ya miaka ile ilikuwa nyingine. Kila mtu alimshuku mwenziwe. Ukisalimiwa njiani, uliulizwa kwanza umetoka wapi, na jibu lako lilipimwa kama dhahabu. Kulikuwa na mkubwa mmoja wa askari aliyenitumia mkojo wake kwa jina la dada wa kanisa, ili adui asijue anaumwa nini. Ripoti niliyompa ilikuwa na kisonono. Sista huyo, Mungu amsamehe, hakupata kujua sifa aliyopewa.

Na juu ya yote kulikuwa na karuho. Ninyi mmezaliwa hapa, mnajua. Kwa msomaji wa mbali niseme tu kwamba karuho ni sumu ya polepole ambayo watu wa kwetu wanaamini huwekwa katika chakula au kinywaji na mtu wa karibu, mgonjwa akakonda mpaka akaisha. Kila aliyekonda miaka ile alikuwa amelishwa karuho. Kifua kikuu kilikuwa karuho, ukimwi ulikuwa karuho, na ini lililooza lilikuwa karuho kuliko yote.

Ndivyo alivyoletwa mwalimu Birindwa.

Alifundisha shule ya msingi ya parokia huko Nyantende. Walimleta kwa tipoyi, machela ya miti, wanaume wanne wakipokezana, na mbele yao alitembea kaka yake mkubwa, Papa Mushagalusa, fundi seremala, mtu mwenye sauti nzito na heshima nyingi mtaani kwao. Nyuma kabisa, hatua ishirini mbali na wengine, alikuja mke wa mgonjwa na sufuria kichwani. Jina lake Esperansi. Alikuwa mtu wa Kamanyola, kule bondeni karibu na mpaka, na katika miaka ile kutoka karibu na mpaka kulitosha kukufanya ushukiwe kabla hujafungua kinywa.

Birindwa alikuwa na homa ya miezi minne. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alishika ubavu wa kuume kwa mikono miwili, na kila alipokohoa alifunga macho. Mganga wa kienyeji alikwisha kumtapisha mara tatu ili sumu itoke, na kilichotoka ni nguvu yake ya mwisho.

"Dokta," Papa Mushagalusa akasema hata kabla ndugu yake hajalazwa kitandani, "siye tunajua ni nani alimulisha. Tunataka tu karatasi ya hospitali."

Dokta Amani alikuwa kijana, mwembamba, mwenye kuchoka. Alimgonga mgonjwa ubavuni kwa kidole, akatafuta mahali panapouma zaidi, akasema ini limevimba na ndani yake mna jipu. Mashine ya kuonyesha ndani ya tumbo ilikuwa imechukuliwa na watu wenye silaha, na hakuna aliyethubutu kuuliza imepelekwa wapi. Basi alitoboa kwa sindano ndefu na kwa sala. Akaona pia kovu la zamani upande wa chini wa tumbo, akauliza.

"Ni ngiri," Birindwa akajibu. "Walinipasua nikiwa kijana."

Dokta akaandika: ngiri. Likaisha hilo.

Usaha ukaletwa kwangu katika chupa ndogo. Kwetu hapa jipu la ini mara nyingi ni la amiba, na usaha wake hufanana na chokoleti iliyoyeyushwa, hauna harufu kali. Huu ulikuwa wa manjano na mzito, na ulinuka. Ningepaswa kusimama hapo. Lakini kulikuwa na foleni mpaka kwenye ngazi, na wingu lilikuwa likija kutoka upande wa ziwa. Nikatia tone kwenye kioo, nikatafuta amiba, sikuona. Nikapaka rangi ya Gram, nikaona seli za usaha tele na katikati yake nyuzi nyembamba za zambarau, zimechanganyikana. Mara moja nikaishuku rangi. Chupa ile ya zambarau ilikuwa mojawapo ya zile zenye harufu ya soda, na rangi iliyozeeka huacha takataka zenye sura za ajabu. Nikaandika: usaha, hakuna amiba, rangi si safi. Nikamwaga kilichobaki.

Kosa hilo ni langu, na naliandika hapa kwa mkono wangu ili mtu asije akalisema kwa upole siku ya mazishi yangu. Nilishuku, kama nilivyofundishwa, ila nilishuku kitu ambacho kingenipa ruhusa ya kumaliza haraka.

Dokta akampa dawa ya amiba vivyo hivyo, kwa kuwa hata usaha usio na amiba mara nyingine ni wa amiba. Siku kumi zikapita. Homa haikushuka. Lililo baya zaidi, Birindwa aliacha kula. Mnajua hospitalini kwetu mgonjwa hulishwa na familia yake. Esperansi alipika uji na sombe ya majani ya muhogo nyuma ya wodi, akamletea, naye akageuza uso ukutani. Kaka yake alimkataza asiguse kitu chochote kilichopita mikononi mwa yule mwanamke. Chakula kilitoka Nyantende kwa miguu, kikafika kimepoa na kimepita vizuizi viwili vya askari, siku nyingine hakikufika. Mtu akaanza kufa kwa njaa akiwa na sufuria ya uji wa moto mita moja kutoka kitandani.

Asubuhi moja Esperansi akaja labo. Alikuwa ameshika kikombe cha plastiki kilichofunikwa kwa jani la ndizi.

"Maman Labo," akasema, "unipimie huu uji. Uwaandikie hakuna sumu."

Nikamwangalia. Alikuwa amefunga kitambaa chake vizuri, hakulia. Na mimi, ambaye nimesoma, ambaye nilikuwa nikiwacheka watu wa karuho, nikajiuliza: kwa nini anataka cheti? Asiye na kosa angekuja na kikombe? Nikamjibu bila kumkaribisha aketi.

"Hapa hatupimi sumu. Hatuna hiyo kazi."

"Hata kuangalia tu kwa masini?"

"Hata kuangalia."

Akafunua kikombe, akanywa ule uji mbele yangu, wote, polepole, akafuta kikombe kwa kidole, akaondoka. Mlangoni walikuwepo watu wa foleni. Jioni ile wodi nzima ilikwisha kusikia kwamba bibi ya mwalimu alikwenda labo na uji na labo ikakataa kusema ni msafi. Sikusema uwongo hata neno moja, na bado nilikuwa nimemfunga mtu kamba shingoni.

Siku ya kumi na mbili Dokta Amani akatoboa tena. Safari hii alikuja na chupa mwenyewe.

"Maman Nsimire, uniangalilie vizuri. Huyu mutu iko nakwisha."

Nilikuwa na aibu ya uji, labda ndiyo sababu nilifanya kazi polepole. Sikugusa kioo. Niliinua chupa mbele ya dirisha, nikaigeuza. Katika ule usaha mzito mlikuwa na chembe ndogo za njano, kama chenga za mahindi zinazobaki ndani ya chungio. Nilipoigeuza tena zikashuka ukutani mwa chupa, moja moja. Nikachuja usaha kwa kitambaa cha shashi, nikaosha kilichobaki kwa maji ya chumvi. Zikabaki chembe sita, ngumu kidogo. Moja nikaibana katikati ya vioo viwili mpaka ikapasuka. Nikaacha ile zambarau ya soda, nikatumia chupa mpya niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya siku mbaya.

Zile nyuzi zilikuwepo. Zilikuwa nyembamba, za zambarau, zenye matawi, zimesokotana kama mizizi ya viazi vitamu ukiing'oa na udongo wake. Rangi haikuwa na kosa hata ile mara ya kwanza.

Papa Leopoldi alikuwa ameniambia habari za kijidudu hiki mara moja tu, mbele ya mgonjwa aliyekuwa na taya lililovimba na kutoa chembe kama hizo. Kinaitwa aktinomisesi. Kinaishi kwa amani vinywani mwetu na matumboni mwetu, wala hakimsumbui mtu, mpaka kipate ufa: jino lililooza, mfupa wa samaki uliotoboa utumbo, kidonda cha kisu. Hapo huingia na kutambaa polepole, kwa miezi, kama mtu asiye na haraka. Kukikuta ndani ya ini ni jambo la nadra sana. Nikachukua chembe ya pili, nikaipaka rangi ya kifua kikuu na kuiosha kwa asidi dhaifu, kwa maana kuna ndugu yake anayefanana naye sana lakini anayehitaji dawa tofauti. Yule ndugu hushika rangi nyekundu. Huyu hakuishika. Nikarudia kwa chembe ya tatu. Ndipo nikapanda ngazi.

Dokta Amani alisoma karatasi yangu, akaniangalia, akaisoma tena.

"Kijidudu cha kinywa kilifika kwenye ini? Kilipita wapi? Meno yake iko mazuri. Na ngiri ya ujana haiwezi kungojea miaka makumi mbili." Akavuta kiti. "Maman, ikiwa ni hii, inaomba penisilini nyingi sana, kila saa nne, kwa majuma. Niko na chupa za siku tatu tu. Nikizimwaga kwa mutu mumoja na tukiwa tumekosea, kesho watoto wa kichomi nitawapa nini? Unipatie mlango ilipopitia."

Alinishuku, naye alikuwa na haki.

Wakati tukisema hayo, Papa Mushagalusa alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka.

"Mumeona kitu. Ninataka kuona nami."

Nilifikiri hiyo ni nafasi yangu ya kurekebisha mambo. Nikamshusha labo, nikaelekeza kioo cha jua, nikamwonyesha pa kuweka jicho. Aliinama muda mrefu, yule fundi, jicho moja limefungwa kama anayepima ubao.

"Naona mizizi," akasema.

"Inafanana na mizizi, papa, lakini ni kijidudu."

"Mimi ninajua mizizi, maman. Nimefanya kazi ya miti maisha yangu yote." Akasimama wima, akashukuru kwa heshima, akavaa kofia. "Alimulisha mizizi ya kwao. Aksanti. Njo ile tulikuwa tunatafuta."

Akatoka kabla sijamweleza. Katika miaka yote ya kazi sijawahi kutoa ushahidi ulio wazi kama ule, wala ushahidi uliofanya kazi mbaya kama ule. Haikupita saa moja, kwenye lango la hospitali walikuwa wamesimama wanaume saba wa Nyantende, na wawili wao walikuwa wameokota mawe, wakiyageuza mikononi. Mlinzi wa lango aliamua kwamba huo ulikuwa wakati mzuri wa kwenda kuteka maji.

Nilimkuta Esperansi nyuma ya wodi akizima moto wake. Nikamshika mkono, nikampitisha mlango wa kufulia, nikamfungia ndani ya labo. Nikampa kiti. Nilikuwa nimechelewa kumpa hicho kiti.

"Mume wako alipasuliwa nini?" nikamuuliza.

"Alisema ni ngiri."

"Yeye alisema. Wewe unasema nini?"

Akaangalia mlango uliofungwa. Nikamweleza kijidudu kinachohitaji mlango, nikamweleza penisilini. Nikamwambia pia habari ya mizizi na ya mawe, kwa kuwa alikuwa na haki ya kujua. Alisikiliza mpaka mwisho akiniangalia usoni, na nilijua ananipima.

"Ulinikatalia uji," akasema.

"Ndiyo. Nilikushuku. Nilikosea."

Akavuta pumzi. "Alipasuliwa Kamituga, mwaka mmoja umepita. Apandisiti ilimupasukia kwenye mashimo ya dhahabu. Kidonda kilitoa maji miezi mitatu. Mimi njo nilikuwa namuosha. Aliniapisha nisiseme, hata kwa kaka yake. Na wewe usiseme, maman. Watamuua."

Hapo nilielewa. Apandisiti, kidole tumbo, ndiyo iliyofungua mlango. Walimu walikuwa hawalipwi, na Birindwa aliacha darasa akaenda kuchimba, akawaambia parokia na kaka yake kwamba ameitwa kwenye mafunzo ya katekisimu. Hiyo ilikuwa aibu tu. Lakini barabara ya Kamituga wakati ule ilikuwa mikononi mwa watu wa msituni, maadui wa wale walioshika mji. Mtu aliyekaa kule miezi na kurudi alikuwa mpelelezi mpaka athibitishe vingine, na kitanda cha pili kutoka kwa Birindwa alilala askari mwenye risasi ya mguu na masikio mazima. Kwa hiyo mume alikuwa akimwacha mke wake aitwe mchawi ili yeye asiitwe mpelelezi, na mke alikuwa amekubali.

Nilipanda wodini. Niliinama juu ya Birindwa kama ninayetaka kumtoa damu, nikamfunga mpira mkononi, nikasema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, ninajua kama ilikuwa apandisiti. Sitasema ni wapi. Lakini bibi yako iko ndani ya labo yangu, na watu wa kaka yako wako kwenye lango na mawe. Ukinyamaza leo, utazikwa na dhambi mbili."

Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni. Kisha akasema, "Uniitie yaya, kaka yangu mukubwa."

Papa Mushagalusa akaja, akainama, na mdogo wake akamshika shingo na kumnong'oneza sikioni. Sikusikia maneno. Niliona mgongo wa yule mzee ukilegea kidogo kidogo, kama mbao mbichi. Aliponyooka alikuwa mwekundu wa macho.

"Uliniapisha mbele ya padri juu ya uwongo, ati ulikuwa kwenye mafunzo," akamwambia. Kisha akashuka ngazi, na dirishani nikamwona akisema na wale wanaume langoni. Mawe yaliwekwa chini. Alitembea tena mpaka kwenye mlango wa labo yangu, akasimama mbele yake, na hakubisha hodi. Akaenda zake.

Dokta Amani akapata mlango wake. Akaandika kwenye faili "apandisiti iliyopasuka, mwaka mmoja", bila jina la mahali, na sindano ya kwanza ikaingia saa nane mchana ule.

Chupa za siku tatu ziliisha kwa siku tatu. Nilikwenda mwenyewe kwa masista wenye zahanati upande wa Nyantende, nao wakanipa katoni moja waliyokuwa wameifukia chini ya magunia ya maharage wakati wa uporaji. Nikiwa narudi, kwenye kizuizi, askari mmoja akafungua katoni na kuinua chupa mbele ya jua, vizuri kabisa, kama laborantini, mpimaji mwenzangu.

"Mama, hii poda nyeupe ni ya nini?"

"Dawa ya hospitali."

"Ya hospitali, ama ya batu ya pori?"

"Ya hospitali. Karatasi ya dokta ni hii."

Aliigeuza karatasi juu chini, akairudisha, akanusa chupa moja, akaitia mfukoni. "Hii inabaki kwa uchunguzi." Mpaka leo sijapata majibu ya uchunguzi huo.

Siku ya saba homa ilishuka nusu. Juma la tatu Birindwa aliweza kulala upande wa kuume. Dokta alitoboa mara ya mwisho, na usaha ulikuwa kidogo, umekuwa maji maji. Niliuinua dirishani, nikaugeuza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, sikuona chembe hata moja. Baada ya hapo tulimpa vidonge vya kwenda navyo nyumbani, avinywe zaidi ya nusu mwaka, maana kijidudu hiki hujificha na kungoja watu wachoke. Vijana wangu, hapo ndipo wengi hupoteza mgonjwa. Homa imekwenda, mwili umerudi, nani atakunywa vidonge miezi sita?

Esperansi alihakikisha vinanyweka. Kila mwezi alishuka kwa miguu kuchukua vingine, na kila mara alipita labo kunisalimia. Uji wake mwalimu alianza kuula tangu siku ile ya kunong'ona, lakini huko Nyantende, aliniambia, watu hawakuacha kumwangalia anapokwenda kisimani. Papa Mushagalusa hakuweza kueleza kilichomfanya abadilishe neno lake bila kumuuza mdogo wake kwa askari, hivyo hakueleza. Aliwaambia tu watu waachane na mambo hayo. Na watu wakiambiwa waachane na jambo, mnajua wanavyolishika.

Mwezi wa mwisho alikuja amebeba mtoto mgongoni na mwingine akimfuata, na furushi kubwa kichwani.

"Vidonge vimekwisha," akasema. "Jana alikunywa cha mwisho. Niko naenda kwetu Kamanyola."

"Kutembea?"

"Kukaa."

Nikamuuliza kama walikuwa wamegombana. Akasema hapana. Mume wake alimlilia abaki. "Mwaka muzima aliniona nikiitwa mulozi, na neno lilikuwa kwenye kinywa yake," akasema. "Ningetoka siku ile ya mawe, wangesema nilikimbia. Ningetoka akiwa mugonjwa, angekufa. Sasa amepona. Unipimie kama amepona kabisa, maman?"

Nilimwambia amepona, kadiri ninavyoweza kuona. Akacheka kidogo kwa jinsi nilivyojibu, akamtengeneza mtoto mgongoni, akashuka ngazi kuelekea magari ya Kamanyola.

Karibu mwaka ulipita kabla Papa Mushagalusa hajaja labo kwa shida yake mwenyewe, tumbo. Alikaa kwenye foleni kama wengine. Nilipomwita kumpa majibu hakuyachukua mara moja.

"Maman Labo," akasema, "nimefikiri sana. Kama hakukuwa na kosa, juu ya nini Esperansi alienda?"

"Alienda kwa sababu hakukuwa na kosa," nikamjibu.

Akainamisha kichwa. Nikamwekea karatasi mkononi: mayai ya minyoo, hakuna kingine. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akafika mlangoni, akaitoa tena na kuikunjua.

"Uko na hakika hakuna kingine?"

Nilimwambia alete choo kingine kesho asubuhi, niangalie tena.